Mabapa ya Shaba Kwenye Meko Yangu

Bapa la kwanza nililotengeneza lilizama kama jiwe, na mume wangu akacheka hadi akashika nguzo ya gati asianguke majini. Nasema hivyo mapema ili msomaji asidhani nilizaliwa nikijua. Sikujua. Na hata sasa nina wasiwasi kwamba nitajisifu, maana habari hii ni ya ugomvi, na mtu akisimulia ugomvi wake mwenyewe hupenda kujipa haki yote. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini tangu wakati huo nimekuwa na tabia ya kuandika yaliyopita mchana, na nikiyasoma tena huona nilivyompunja mtu huyu na yule. Safari hii nitajaribu kugawa sawasawa. Lakini sitasema nilikosea.

Tulikaa laini za wafanyakazi, kwenye shamba la settla mmoja kando ya ziwa la Naivasha, upande wa Kihoto. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Mume wangu alikuwa mtu wa mashua. Wazungu walikuja Jumamosi, wengine kutoka Nakuru, wengine Nairobi, kuvua besi, samaki ambaye wao wenyewe walimleta ziwani kwa ajili ya mchezo. Kazi ya mume wangu ilikuwa kuwapigia makasia, kukausha mashua, na kuingia majini kuchomoa ndoana zilizonasa kwenye mafunjo.

Besi ni samaki mwenye hasira. Kitu kikilala hakitaki, hutaka kinachokimbia. Kwa hiyo Wazungu walimdanganya na chambo cha bandia: ndoana yenye manyoya, na mbele yake kipande chembamba cha shaba kinachozunguka na kumetameta kikivutwa. Kipande hicho ndicho tulichokiita bapa. Yalitoka ng'ambo kwa meli, na kila Jumamosi mafunjo yalimeza mengine.

Siku moja mume wangu alirudi nalo moja limejikunja, akanirushia mapajani nikichambua maharagwe.

"Wewe uliyeolewa kwa wahunzi," akasema, "ninyooshee hiki."

Alikuwa anatania. Yeye ndiye mtoto wa mhunzi, na aliikimbia kazi ya baba yake tangu utotoni kwa sababu ya moshi. Lakini mimi nilikiangalia kile kipande kwa muda mrefu. Kilikuwa kama jani, chembamba upande wa tundu, kimebonyea katikati kama kiganja cha mtoto. Nikaona kwamba ule mbonyeo ndio unaokamatwa na maji na kukizungusha. Sijui niliona vipi. Nikataka kukitengeneza kingine.

Hapo lazima nimtaje baba mkwe. Kwetu kazi ya kufua chuma ni ya ukoo, haiingiliwi na mtu wa nje, na mhunzi huogopwa kwa sababu akimlaani mtu kwa vyombo vyake, ile laana hushika. Mwanamke haingii kwenye kibanda chake. Haruki nyundo, hagusi mivukuto ya kupulizia moto, na mimi niliyafuata hayo yote bila kuuliza. Baba mkwe alikuwa amefua majembe na visu kwa watu wa Kinangop maisha yake yote, mpaka serikali ikafunga kibanda chake, kwa hoja kwamba anayeweza kufua jembe anaweza kufua mtutu wa bunduki. Askari walibeba mivukuto, koleo kubwa, fuawe, kila kitu. Nyundo moja ndogo waliiacha kwa sababu walidhani ni ya kushonea viatu. Ndipo akaja kukaa nasi laini, chumba cha pili kutoka chetu, akapewa kazi ya kuchunga ndama. Mtu ambaye watu walikuwa wakipita nje ya kibanda chake wakishusha sauti, sasa alikuwa anafukuza ndama kwa fimbo na kuitwa "boi" na mtoto wa settla. Nataka hilo likae wazi kabla sijaendelea.

Nilimwendea kwa adabu, nikamwomba ile nyundo. Nikamwonyesha bapa lililojikunja.

"Hapa hakuna moto, baba. Ni kunyoosha tu."

Aliligeuza, akaligonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Shaba," akasema. "Ya manjano. Imechoka." Kisha akaniangalia. "Chuma baridi ni kitu cha nyumbani, hata kijiko cha uji hunyooshwa. Chuma cha moto ni chetu. Ukiiweka nyundo hii karibu na moto, irudi hapa."

Nikakubali. Alinipa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na hakulazimishwa. Hilo pia likae wazi.

Sasa lile bapa lililozama. Mume wangu alikuwa amesema kwamba chambo "kinamwita" samaki, na mimi kitu cha kuita nilichokijua kutoka nyumba ya mhunzi kilikuwa njuga, zile za kufunga miguuni wakati wa ngoma. Basi nilichukua kipande kinene cha ukanda wa pipa, nikakikunja kama njuga, nikaweka na kijiwe ndani kilie. Nilidhani besi atasikia. Mume wangu alikifunga kwenye uzi, akakivuta kando ya gati, kikaenda chini moja kwa moja kama kimeitwa nyumbani.

"Huyu samaki umemtengenezea ngoma," aliniambia alipomaliza kucheka. "Sasa mtengenezee chakula."

Niliacha chuma nikatafuta shaba. Nyumba kubwa ilikuwa imetupa jiko la pampu, lile la mafuta ya taa, tangi lake limetoboka. Mpishi akanipa. Tangi la jiko lile ni shaba safi, nyembamba, na nikilikata na kulilaza linatoa mabapa mengi. Nilikata kwa mkasi wa bati wa mume wangu. Nikachora umbo kwa msumari, nikakata nje kidogo ya mstari, nikamaliza kwa tupa mpaka ukingo usikwaruze kidole. Tundu nililitoboa kwa msumari juu ya gogo. Gogo hilo la mzeituni wa porini nililichimba kishimo kwa patasi, nikalaza shaba juu ya kishimo na kuipiga katikati polepole ikaingia. Kung'arisha nilitumia msasa uliokwisha makali, kisha majivu yaliyoloweshwa na kitambaa.

Mabapa haya yalizunguka majini. Bwana mwenye shamba alijaribu moja, akapata besi, akataka mengine, na rafiki zake wakataka, wakawa wanalipa. Jirani yangu, mwanamke mwenye ulimi, alianza kuniamkia kwa jina jipya.

"Fundi chuma, leo unatutengenezea nini? Gari moshi?"

"Nautengenezea mdomo wako kufuli," nikamjibu.

"Kufuli ya shaba au ya debe? Mimi sitaki ya debe."

Shida ilianzia kwenye maji yenyewe. Kandokando ya mafunjo maji ni machafu, na chambo lazima kivutwe polepole kisinase. Bapa langu la kina kifupi lilihitaji mvuto wa haraka. Likivutwa polepole lilitikisika tu kama mlevi, halizunguki. Mume wangu akaniambia Wazungu wanataka la mviringo zaidi na lenye kina zaidi. Nikazidisha kina. Shaba ikapasuka. Nikapunguza nguvu ya nyundo, ikapasuka vilevile, polepole tu. Kila nilipoipiga iliendelea kuwa ngumu, mlio wake ukawa mfupi na mkali, halafu ukingoni ufa. Nilijaza kopo na vipande vilivyopasuka. Nilianza kujiambia kwamba labda wanaosema kazi hii si ya mwanamke wanajua kitu ambacho mimi sikijui.

Halafu siku moja kipande kikaniponyoka kikaangukia kwenye meko nilipokuwa nasonga ugali. Nilikitoa na koleo la makaa kikiwa chekundu, nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji nisichome mkeka. Nikakihesabu kimeharibika. Katika nyumba ya mhunzi kila mtu anajua kwamba chuma kikitoka motoni kikaingia majini huwa kigumu; ndivyo visu vinavyopewa makali. Nilikiokota baadaye nikitaka kukitupa. Kikajipinda vidoleni mwangu kama ganda la ndizi.

Nilikiweka juu ya gogo, nikapiga. Kikaingia kwenye kishimo chote bila kulalamika. Nilikaa na lile bapa mkononi kwa furaha, na kwa hofu pia, kwa sababu nilijua nimefanya nini. Moto na nyundo. Sharti lilikuwa limevunjika.

Ningeweza kunyamaza. Moto wa mwanamke huwaka kila siku, nani angejua? Lakini sikutaka kufanya kazi yangu kama mwizi. Jua lilikuwa bado juu, nikamwendea baba mkwe kwenye zizi la ndama, nikamwonyesha.

Alilitazama lile bapa. Najua kwamba alilipenda, kwa sababu kidole gumba chake kilizunguka ndani ya ule mbonyeo kabla uso wake haujabadilika.

"Umeweka motoni."

"Ndiyo, baba."

"Moto gani?"

"Wa ugali."

"Ukapiga."

"Nikapiga."

Akanirudishia. "Unajua kwa nini mimi nimefungiwa na wewe umefunguliwa? Kwa sababu unachotengeneza wewe hakiwezi kumuumiza Mzungu. Unamtengenezea mchezo. Ningewasha mimi moto hapa nipige hata msumari, wangenibeba kabla haujapoa. Wewe unapiga mchana kweupe na yeye anacheka."

Alisema kweli. Nimeitafakari tangu siku hiyo na bado sijapata jibu. Nilichosema hakikuwa jibu.

"Sasa baba, walichokufanyia wao, nilipe mimi?"

"Nipe nyundo."

Nilikwenda nyumbani, nikaifuta, nikamletea kwa mikono miwili.

"Nyundo ni yako," nikasema. "Ulinipa kwa sharti, sharti nimelivunja, chukua. Hiyo ni haki yako. Lakini kazi siiachi."

Aliipokea. Nadhani alitegemea nyundo ikiondoka na kazi itaondoka, na hata mimi nilitegemea hivyo kidogo, usiniulize. Lakini nyuma ya karakana ya matrekta kulikuwa na pini nene ya trela iliyokatika. Niliiomba kwa fundi, nikaisugua kichwa kwa tupa mpaka kikawa cha mviringo, na mume wangu akanitobolea tundu la mpini. Alifanya hivyo huku akiangalia mlango wa baba yake.

"Mama watoto, ungeacha kwa muda."

"Muda gani?"

"Mpaka mzee apoe."

"Mzee hajapoa tangu wamfungie. Nitasubiri mpaka serikali iondoke?"

Alilimaliza tundu. Alikuwa katikati ya watu wawili na hakumuuza yeyote kati yetu.

Mlio wa nyundo ngeni baba mkwe aliusikia siku ya kwanza tu. Alikuja nyuma ya nyumba nilipokuwa, akasimama. Shaba ilikuwa motoni. Hakunisalimu. Alichukua koleo langu, akatoa kipande chekundu, akachukua mkasi, akakikata vipande viwili, navyo vikaanguka kwenye vumbi.

"Anayepiga madini ya moto katika boma langu bila ruhusa yangu," akasema, "na akatike hivi."

Niliogopa. Sitajifanya shujaa. Nililelewa nikijua maneno hayo ni nini. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

"Baba, boma hili si lako. Wala si langu. Ni la bwana mwenye shamba, na kuta hizi akitaka atazibomoa kesho. Laana yako itafute boma."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto, akaondoka. Neno hilo lilikuwa kali, na lilikuwa kweli. Kama ilikuwa haki kumwambia mzee aliyepoteza kila kitu, hapo ndipo sina hakika. Kama ni kulisema tena, ningelisema tena.

Nikaendelea kupiga. Siku chache baadaye bati la shaba lilinikata kidole gumba, jeraha likavimba na kutoa usaha, na laini nzima ikajua. Jirani yangu alikuja na maji ya chumvi na maneno yake.

"Si ilisemwa utakatika? Umeanza na kidole."

"Nilikatwa kabla ya laana pia. Wakati huo ulisema ni bati."

"Wakati huo lilikuwa bati," akasema, akanifunga kitambaa vizuri sana.

Sijui. Nimeandika hivyo na nimeacha hivyo. Kila anayekata bati hukatwa na bati, hilo najua. Kama kidole kile kilikuwa na kitu zaidi, siwezi kuapa kwamba hakikuwa nacho. Nilishika shaba kwa mkono wa kushoto, mabapa ya wiki hiyo yakatoka yamepinda, nikayatupa, nikatengeneza mengine.

Hapo mume wangu akaja na ujumbe wa baba yake. Alikaa kwenye kiti kidogo, akavua kofia, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Mzee anasema ataiondoa. Mimi nitatafuta kondoo. Utakwenda, utapiga magoti, atakutemea mate ya baraka, kidole kitapona."

"Halafu?"

"Halafu utaacha. Ndiyo maana ya kondoo."

"Kondoo wa kuondoa laana ni kondoo wa kukubali kosa," nikasema. "Mwambie namheshimu. Mwambie nitampikia, nitamfulia, akiugua nitamwosha kama baba yangu. Kondoo sileti."

"Na ukikatika?"

"Nitakatika nikifanya kazi."

Alizungusha kofia mkononi. "Nimwambie hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Usilainishe."

Alimwambia. Najua hakulainisha, kwa sababu baba mkwe hakula chakula changu siku hiyo wala iliyofuata. Sahani ilirudi na ugali wake umekauka, na watoto walioibeba waliniangalia bila kuuliza.

Ndipo nikafanya jambo ambalo wengine waliliita ukorofi. Nilikuwa nikifanya kazi nyuma ya nyumba, upande wa mahindi. Nilikusanya mawe yangu ya meko na gogo langu, nikavihamishia mbele, mahali ambapo mlango wa baba mkwe unatazama. Nilitaka kama ni kunilaani anilaani akiniona, na kama ni kupiga nipige akinisikia. Asubuhi hiyo ndama walikuwa wameshaingia malishoni na yeye alikuwa amekaa mlangoni pake akichonga fimbo. Aliniona nikipuliza moto. Aliniona nikitoa shaba, nikiitia majini, nikiilaza juu ya kishimo. Jirani yangu alisimama na ndoo kichwani, akasahau kuishusha.

Nikaanza kupiga. Mwanzoni shaba ilikuwa laini na mlio wake mzito, unaingia kwenye gogo. Nikapiga kuzunguka, kutoka ukingoni kuelekea katikati, mbonyeo ukashuka. Nikapiga tena. Nilikuwa nahesabu macho yake mgongoni zaidi ya mapigo yangu, nikaenda mbali kuliko ninavyoenda nikiwa peke yangu.

Kisu chake kilinyamaza kwenye fimbo.

"Imekaza," akasema.

Sikuinua kichwa.

"Mlio huo umekaza. Rudisha motoni."

Niliusikia na mimi, ule mlio mfupi. Nilijua amesema kweli. Lakini nilikuwa sijakaa mbele ya mlango wake kuamriwa, hata kuamriwa vizuri. Nikapiga tena, kwa nguvu.

Ikapasuka kutoka tunduni mpaka katikati.

Jirani yangu alifunga mdomo kwa mkono wake usioshika ndoo. Baba mkwe alirudi kwenye fimbo yake, akatoa ganda moja refu kabla ya kusema.

"Nimekwambia."

"Nimesikia, baba."

"Ukasikia, ukapiga."

"Nikapiga."

"Hasara ni yako."

"Ni yangu."

Nilitupa kipande kile kwenye kopo. Nikachukua kingine, nikakitia motoni, nikainama kupuliza makaa kwa mdomo, maana mivukuto sina. Jioni alikula chakula changu. Laana hakuiondoa, na mimi sikumwomba aiondoe, mpaka tulipohama shamba lile. Kipande kile cha pili nilikitoa kikiwa chekundu, na mlio ulipoanza kukaza nilikirudisha motoni mwenyewe, kabla hajafungua mdomo.